Nilivyokaribia Kupoteza Jicho Langu

Mhariri aliponiandikia kunitaka nieleze habari za maisha ya chuoni Lusaka, nilifikiri kwanza nitasimulia habari za majumba na magari, kama wengi walivyosimulia kabla yangu. Lakini nimeona ni heri niandike juu ya jambo moja lililonipata mimi mwenyewe. Ni jambo la aibu kidogo. Walakini najua wamo miongoni mwenu wanaokitamani kile nilichokitamani mimi, na aliyejikwaa mbele hana budi kumwonya anayekuja nyuma.

Mimi ni mzaliwa wa Pweto, katika nchi ya Kongo, pale ambapo maji ya Ziwa Mweru hutoka na kuwa mto Luvua. Mwaka 2017, mapigano yalipozidi upande wetu, mama alituchukua mimi na dada yangu mdogo, tukavuka mpaka tukaingia Zambia upande wa Chiengi. Kutoka huko tuliletwa Kenani, katika wilaya ya Nchelenge, ambako maelfu ya watu waliokimbia kama sisi walikuwa wamepokelewa katika mahema. Nilikuwa na umri wa miaka 12.

Kenani nilijifunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba macho yangu hayaoni mbali. Tulisomeshwa chini ya mti, na ubao uliegemezwa kwenye shina lake. Mimi nilikuwa nikinakili kutoka daftari la jirani yangu, na mwalimu akanidhania mvivu. Siku moja alinisimamisha, akaniambia nisome nambari iliyoandikwa juu ya tangi la maji. Watoto wote waliisoma kwa sauti. Mimi nililiona tangi, lakini sikujua hata kama lina nambari. Mwalimu alinitazama kwa muda, kisha akanisogeza mbele nikakae miguuni pa ubao. Toka siku hiyo hakuniita mvivu tena.

Jambo la pili ni kwamba maji machafu huua. Hofu ya kipindupindu ilikuwa kubwa, na watu wa afya walipita kila siku wakitufundisha kunawa mikono kwenye ndoo zenye bomba, ambazo maji yake yalikuwa yametiwa klorini. Walituimbisha: maji safi, mikono safi, mwili salama. Mpaka leo harufu ya klorini kwangu ni harufu ya usalama. Mliweke neno hili akilini, kwani ndilo lililotaka kunipofusha.

Mwaka 2018 tulihamishiwa makao ya Mantapala, katika wilaya hiyo hiyo, tukapewa kiwanja cha kujenga na kulima. Nilipokuwa nimekwisha kuingia shule ya sekondari, walikuja wapima macho, nami nikapata miwani yangu ya kwanza. Sitaisahau siku ile. Niliona kwamba mti una majani mojamoja hata juu kabisa kileleni. Usiku nilimwambia mama kwamba nyota ni nyingi kuliko nilivyojua. Alicheka, kisha akanyamaza kimya. Nadhani alikuwa akihesabu miaka niliyokaa bila kuziona.

Lakini binadamu hatosheki. Furaha ya miwani ilidumu muhula mmoja tu. Vioo vyangu vilikuwa vinene, na ninyi mliosoma nami mnakumbuka jina mlilonipa: Chupa. Katika mpira niliivua, nikawa kipofu wa uwanjani, nilipoivaa, ilivunjika. Fremu yake niliifunga kwa waya wa shaba, na waya ule ukanikwaruza pua mpaka nilipomaliza darasa la 12. Siwalaumu kwa jina lile, maana hata mimi niliwapa wengine majina. Nalitaja ili mjue nia yangu ilitoka wapi.

Nilipofika chuo cha ualimu mjini Lusaka mwaka 2024, nilipangiwa chumba kimoja na kijana ambaye sikumdhania kuwa ana taabu ya macho. Jioni moja nilimwona ananawa mikono kwa sabuni, polepole, kama mganga anayetaka kupasua mtu. Akaikausha, akagusa jicho lake kwa kidole, akatoa kitu chembamba mfano wa gamba la samaki. Nilishtuka. Akacheka, akaniambia kwamba hiyo ni lenzi ya kuvaa jichoni, na kwamba yeye haoni mbali kama mimi, ila miwani yake huivaa usiku tu.

Kitu chenyewe si kipya. Mwaka 1888 daktari Adolf Eugen Fick, aliyekuwa akifanya kazi Zürich huko Uswisi, alieleza habari za vioo alivyovitengeneza vya kuvaliwa juu ya jicho lenyewe. Vilikuwa vya kioo kweli, vikubwa na vizito, na mtu aliweza kuvistahimili kwa saa chache tu. Lenzi laini zilikuja baadaye. Siku za Krismasi za mwaka 1961, mtaalamu wa kemia Otto Wichterle wa Chekoslovakia alitengeneza lenzi laini nyumbani kwake, kwa mtambo alioutunga kwa vyuma vya mchezo wa watoto. Lenzi hizo ni za aina fulani ya plastiki inayonyonya maji, na ndiyo maana jicho huzivumilia. Nilipoyasikia hayo nilizidi kuzitamani. Sikujiuliza swali hili: kitu kinachonyonya maji, kitanyonya na nini kingine kilichomo katika maji hayo?

Basi nilijinyima kwa miezi kadhaa, nikaweka akiba, nikaenda kwa mpima macho. Lazima niseme kweli: mpima macho huyo hakunidanganya katika lolote. Alipima nguvu ya macho yangu na mviringo wake, maana lenzi hukatwa kwa kadiri ya jicho la mtu, wala si kama kofia ambayo yeyote aweza kuijaribu. Alinifundisha kuzivaa na kuzivua mbele yake mpaka nikajua. Aliniambia kwamba lenzi zangu ni za mwezi mmoja, na kwamba nisilale nazo. Akasema dawa ya kuzisafishia niimwage kila asubuhi na kutia nyingine mpya jioni, na kwamba maji yasiziguse hata kidogo. Niliitikia, "Ndiyo, mama," kila aliposema neno. Masikio yangu yalisikia, lakini moyo wangu ulikuwa umekwisha kutoka nje kwenda kujionyesha kwa watu.

Mwezi wa kwanza nilifuata yote. Lo! Furaha gani! Nilicheza mpira nikauona toka mguu wa mpigaji mpaka wavuni. Lakini chupa moja ya dawa ya lenzi bei yake ilikuwa sawa na chakula changu cha juma zima, nami nikaanza kupunguza hapa na pale. Badala ya kumwaga dawa ya jana, niliiongezea matone machache. Badala ya kutupa lenzi mwezi ulipokwisha, nilizivaa wa pili na wa tatu, nikijisemea kwamba sioni tofauti. Kikasha chake nilikiosha kwa maji ya bomba. Kwa nini nisikioshe? Maji yale yalinukia klorini, na klorini ndiyo iliyotuponya Kenani. Mwenzangu wa chumbani alinionya mara mbili. Mara ya tatu alinyamaza, kama watu wanavyonyamaza wakichoka.

Mwezi wa Desemba chuo kilifungwa, nikapanda basi kwenda kwetu. Kutoka Lusaka hata Nchelenge ni safari ndefu sana, kupitia Serenje, Samfya na Mansa. Basi letu liliharibika njiani, tukafika Mansa usiku sana, tukalala ndani ya basi mpaka asubuhi. Nililala na lenzi machoni. Niliona haya kuzivua mbele ya watu, tena mikono yangu ilikuwa michafu na sikuwa na mahali pa kunawa. Hapa nilikuwa nimekwisha kukosea tangu Lusaka, kwa sababu msafiri mwenye busara angalivaa miwani yake tangu asubuhi.

Nilishukia Kashikishi kumwamkia mjomba wangu, anayeishi pwani ya ziwa. Ilikuwa wakati ambapo uvuvi umefungwa, kama unavyofungwa kila mwaka kutoka Desemba hata mwisho wa Februari ili samaki wapate kuzaana, basi mjomba alikuwa nyumbani akitengeneza nyavu zake. Joto lilikuwa kali. Binamu zangu walikimbia ziwani, nami nikawafuata, tukaogelea mpaka jioni. Nilifungua macho ndani ya maji ili nijivunie kuona kwangu. Usiku dawa ya lenzi ilikwisha. Kesho yake nilizunguka maduka yote ya Kashikishi na Nchelenge nikiuliza, na wenye maduka walinitazama kama mtu anayetafuta viatu vya samaki.

Hapo ndipo nilipofanya werevu wangu mkubwa. Niliwaza hivi: machozi yana chumvi, kwa hiyo maji ya chumvi ni sawa na machozi. Nilichemsha maji ya kisima, nikatia chumvi ya jikoni, nikayaacha yapoe, nikayatia katika chupa ya soda. Lenzi zangu zikalala ndani ya maji hayo kwa siku tatu, nami nikazivaa kila asubuhi. Nilimwonyesha mjomba, akasema kwamba kweli elimu ni kitu kikubwa.

Nilipofika Mantapala kwa mama, jicho la kulia lilikuwa jekundu. Nilisema ni vumbi la njiani. Usiku ule liliniuma kana kwamba mtu ametia mchanga chini ya kope na kuusaga. Asubuhi sikuweza kutazama mlango uliofunguliwa. Mwanga ulinichoma kama sindano, na machozi yalitiririka bila kukoma. Nilipofumba jicho la kushoto niliuona uso wa mama kama kupitia moshi. Na katikati ya jicho, dada yangu aliona kitone cheupe, kidogo kama punje ya mtama.

Mzee jirani yetu alikuja na majani mkononi. Alikuwa mtu mwema, na nia yake ilikuwa njema. Alitaka kuyapondaponda na kunitia maji yake jichoni, kama walivyofanya babu zetu. Mama alipiga magoti, akamjibu kwa heshima, "Baba, tunakushukuru sana kwa kutufikiria. Lakini dada yangu mkubwa alitiwa majani kule Pweto, na jicho lake likapasuka. Huyu mtoto atakwenda hospitali sasa hivi." Mzee hakukasirika. Alitupa majani, akatuazima baiskeli yake. Nilifunikwa kichwa kwa kitenge cha mama, nikapakiwa nyuma.

Hospitalini tulimkuta mganga wa macho, mama wa makamo, Mbemba wa huko huko. Aliniuliza, "Limeanza lini? Limepigwa na kitu?" Nikasema ni vumbi. Akauliza tena, "Una desturi ya kuvaa lenzi?" Ndugu zangu, hapa ndipo pabaya kuliko pote katika hadithi yangu. Nilisema hapana. Niliona haya mbele ya mama, ambaye hakujua fedha zangu nilizipeleka wapi wakati yeye alikuwa akiuza mihogo ili anitumie nauli. Mganga aliinama kuandika. Mama alinitazama, kisha akasema polepole, "Mwambie yote, mwanangu. Aibu haina dawa ya matone."

Basi nikamwambia yote: dawa ya jana, miezi mitatu, basi la Mansa, ziwa, chumvi. Mganga alikuwa amekwisha kuandika neno moja. Akalikata, akaanza upya. Baadaye alinieleza kwamba kidonda cha jicho la mvaa lenzi huletwa mara nyingi na vijidudu vingine kuliko kidonda cha mtu aliyeingiwa na kibanzi shambani, na matibabu huanzia hapo. Kama ningaliendelea na uongo wangu, angalinitibu vumbi.

Alinitia tone la rangi ya njano, akazima taa, akanimulika kwa mwanga wa buluu. Kila palipo na jeraha juu ya jicho rangi hiyo hushika, na jeraha huwaka kijani. Mama aliruhusiwa kuchungulia. Akaliona pale, duara dogo la kijani, karibu na ukingo wa mboni. Ile ngozi angavu iliyo mbele ya jicho waganga huiita konea. Haina mishipa ya damu, ndiyo maana twaona kupitia kwake. Kwa sababu hiyo hupata sehemu kubwa ya oksijeni yake kutoka kwenye hewa, kwa njia ya machozi. Mtu anapolala na lenzi, kope huifunika na lenzi huifunika, basi konea huwa kama mtu aliyejifunika mablanketi mawili usoni. Hudhoofika, hupata mikwaruzo midogo isiyoonekana, na vijidudu vilivyokuwa vikingoja mlangoni huingia. Wachunguzi wameona kwamba hatari ya kupata ugonjwa huu huongezeka mara nyingi, sita hata nane, kwa mtu anayelala na lenzi machoni.

Nikamwuliza, "Lakini, mama, maji niliyachemsha. Na ya Lusaka yana klorini." Akatabasamu, akaniambia neno ambalo sitalisahau. Kwa Kibemba macho huitwa *amenso* na maji huitwa *amenshi*. "Amenso na amenshi," akasema, "ni majirani mdomoni. Lakini kwenye lenzi si marafiki." Kisha akanifafanulia. Maji ya bomba ni safi kwa tumbo, kwa maana tumbo lina asidi na kinga zake. Klorini huua vijidudu vingi vinavyoleta kipindupindu na kuharisha. Lakini kuna kidudu kimoja kiitwacho akantamiba, ambacho huishi katika maziwa, visima, matangi na hata maji ya bomba. Kikiona hatari hujifungia ndani ya gamba gumu, na klorini hukipita juu. Ukikinywa, hakikudhuru. Lakini kikishika lenzi, na lenzi ikakaa juu ya jicho mchana kutwa, kimepata nyumba. Kidonda chake hutibiwa kwa miezi mingi, pengine mwaka na zaidi, kwa maumivu makubwa, na wengine hupoteza jicho.

Kuhusu ile chumvi yangu, nilipata kusoma baadaye kwamba sikuwa mwerevu wa kwanza. Katika miaka ya 1980, huko Marekani, wavaa lenzi wengi walijitengenezea maji ya chumvi nyumbani kwa vidonge vya chumvi. Madaktari walipochunguza kwa nini ugonjwa wa akantamiba umeongezeka, maji hayo ya nyumbani yalikuwa sababu mojawapo kubwa waliyoikuta. Kuchemsha maji mara moja hakutoshi, ikiwa chupa, chumvi na mikono havikuchemshwa.

Nililazwa. Nilitiwa matone kila saa moja, mchana na usiku, kwa siku mbili mfululizo. Wauguzi walikuwa wachache na wagonjwa wengi, kwa hiyo mama aliomba aonyeshwe namna ya kutia. Alikaa sakafuni kando ya kitanda na simu yake ya tochi, akaitegea ilie kila saa. Ilipolia alinawa mikono, akaikausha, akanivuta kope ya chini, akatia tone moja, akalala tena. Mara 24 kwa siku. Usiku wa pili nilimsikia akihesabu kwa sauti ndogo, kama alivyokuwa akituhesabu sisi njiani mwaka 2017, usiku tulipokuwa tukivuka.

Kisha nilipelekwa Lusaka kwa mabingwa. Walikwangua kidonda kidogo wakapima, na walichukua lenzi zangu pamoja na kikasha, ambavyo mganga wa kwanza alikuwa amemwambia mama asivitupe. Vyote vilikuwa na bakteria wa aina moja. Haikuwa akantamiba. Daktari aliniambia kwamba nimebahatika, na kwamba siku mbili nyingine za kusema "ni vumbi" zingaliniondolea bahati hiyo.

Jicho lilipona baada ya majuma kadhaa. Limebaki na kovu, si katikati kabisa, ila karibu. Kwenye kibao cha herufi cha wapima macho, jicho la kushoto likiwa na miwani husoma mpaka chini. La kulia hukomea mistari mitatu kabla yake, na hakuna kioo kitakachoirudisha. Usiku taa za magari hunitawanyikia kama maua. Nilikosa mwanzo wa muhula, nikawa nyuma ya wenzangu, lakini chuo kilinivumilia na sasa nimewafikia.

Je, nasema lenzi ni mbaya? Hasha. Mwenzangu wa chumbani amezivaa kwa miaka minne bila dhara lolote, na wapo watu ambao konea zao zina umbo lisilo la kawaida, hata miwani haiwafai na lenzi ndizo zinazowafaa. Lenzi ni kama mtumbwi: humvusha anayejua kasia na humzamisha anayesimama kucheza. Basi yeyote kati yenu atakayezivaa, na ayashike haya.

Kwanza, usinunue lenzi yoyote bila kupimwa, hata zile za rangi zinazouzwa sokoni kwa urembo tu, wala usiazime ya mwenzio.

Pili, nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa kwa kitambaa safi kabla ya kugusa jicho au lenzi.

Tatu, maji yasiguse lenzi, yawe ya bomba, ya kisima, ya mvua, ya ziwa, ya chupa, au yaliyochemshwa. Zivue kabla ya kuoga na kuogelea. Mate pia ni marufuku.

Nne, tumia dawa ya lenzi peke yake. Isugue lenzi taratibu kwenye kiganja kwa dawa hiyo na kuisuuza nayo, hata kama chupa imeandikwa kwamba kusugua si lazima. Dawa ya jana imwage yote, usiiongezee.

Tano, kikasha kisuuze kwa dawa hiyo hiyo, kipanguse kwa karatasi safi, kigeuze chini juu kikauke. Kibadilishe kila baada ya miezi mitatu, au kabla ya hapo.

Sita, usilale na lenzi, hata usingizi mfupi wa mchana, hata ndani ya basi. Muda wake ukiisha itupe, hata kama waona ni nzima.

Saba, miwani yako uwe nayo daima, yenye nguvu inayokufaa. Asiye na miwani hulazimika kuvaa lenzi hata jicho linapokataa.

Nane, jicho likiwa jekundu, likiuma, likichukia mwanga au likiona ukungu, vua lenzi saa hiyo hiyo na usiirudishe. Nenda hospitali siku ile ile, uchukue lenzi na kikasha chake. Usitie majani, wala matone ya jirani. Na ukiulizwa, sema kweli.

Na kama fedha zako hazitoshi kununua dawa ya lenzi kila mwezi, basi ndugu yangu, fedha zako hazijatosha kununua lenzi. Hili sikuambiwa na mtu, nimelijua kwa jicho langu.

Likizo iliyopita nilipita tena Nchelenge, nikavuka mahali palipokuwa na mahema yetu Kenani. Nilitaka kujua kama naweza kusoma nambari juu ya tangi, lakini sikuliona tangi lile. Nilikuwa nimevaa miwani yangu minene, fremu mpya, bila waya. Mtoto mmoja njiani aliniita jina kwa Kibemba, sikulisikia vizuri, nadhani ni lile lile la zamani. Nilimpungia mkono. Nilifika kwa mama kabla ya jua kuchwa, akanishika kidevu, akaligeuza jicho langu la kulia kwenye mwanga, akalitazama kwa muda mrefu, kama afanyavyo kila nifikapo. Kisha akaenda kuteka maji, tukanywa.

Nakomea hapa. Wasalaam kwa walimu na kwa wote, na wale wanaovaa miwani darasani wakae mbele bila haya.